Ipindue Sahani Kabla Hujaipenda

Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa kuta nene za matumbawe na dari za boriti za mikoko. Boriti haibebi upana mkubwa, kwa hiyo vyumba vikawa virefu na vyembamba, kama mita 3 tu kutoka ukuta hadi ukuta. Katika chumba cha ndani kabisa, mbali na macho ya mpita njia, ndiko mafundi wa chokaa walikochonga zidaka: safu juu ya safu za vidirisha visivyotoboka upande wa pili, na katika kila kimoja bakuli, sahani au gudulia. Mwanga hafifu unaoingia kutoka uwanja wa ndani ya nyumba hugonga ule uso wa kioo wa vyombo na kurudi chumbani. Pazia haliwezi kazi hiyo, wala picha ya fremu.

Anayetaka kupamba nyumba ya leo kwa vyombo vya zamani, na bado awakaribishe wageni kwavyo, hana haja ya kutafuta mfano mbali. Mfano upo pwani. Kinachowaponyoka wengi ni mpangilio wa kazi. Sahani hutazamwa usoni, ua likapendeza, ikanunuliwa, ikapelekwa mezani na pilau juu yake. Anayevijua vyombo huanza na kitako. Kitako kinasema sahani imetengenezwa kwa nini, na hilo ndilo linaloamua kama itabeba biriani, itabeba tende tupu, au haitashuka ukutani kamwe.

Vyombo vinavyozunguka pwani kwa jumla ni vya namna mbili. Kuna kaure, udongo mweupe uliochomwa kwenye joto la karibu nyuzi 1,300 hadi ukawa kama jiwe la kioo. Kuna pia udongo wa kawaida uliochomwa kwa joto dogo zaidi, ukapakwa ngozi ya kioo juu ili usinywe maji. Ngozi hiyo tuiite glezi. Kaure hata ikipoteza glezi yake hainywi maji. Udongo, glezi ikipasuka, hunywa kama sifongo.

Kuzitofautisha hakuhitaji mashine. Ishike sahani mbele ya taa, upitishe vidole nyuma yake: kaure nyembamba itaonyesha kivuli cha vidole, udongo hautaonyesha kitu. Kisha ipindue. Kaure nyingi ya Kichina ina pete ya kitako isiyo na glezi, ngumu, mara nyingine na chembe za mchanga wa tanuri zilizoganda. Dondoshea tone la maji hapo palipo wazi. Likibaki tone, ni kaure au udongo mgumu wa jiwe. Likizama na kuacha doa jeusi, ni udongo wa kawaida. Vyombo vingi vya Ulaya vya karne ya 19 vimepakwa glezi hadi chini ya kitako, kwa hiyo hakuna pa kudondoshea. Kwa hivyo tafuta alama tatu ndogo kama chunusi upande wa chini: ni nyayo za kigoda cha miguu mitatu kilichotenga sahani moja na nyingine tanuruni, na ni dalili ya udongo uliopakwa glezi pande zote.

Hivyo vya Ulaya vinastahili maneno zaidi, kwa sababu ndivyo utakavyovikuta zaidi madukani, na ndivyo vinavyodharauliwa bila haki. Wafinyanzi wa Maastricht huko Uholanzi, hasa kiwanda cha Petrus Regout kilichoanza kutengeneza vyombo vya udongo mwaka 1836, walituma mabakuli na sahani hadi Unguja na Pemba. Vigae vyake vimechimbuliwa hata kwenye mashamba ya karafuu. Ni mabakuli ya rangi kali, mekundu, ya buluu na ya kijani, yenye maua yaliyogongwa kwa kipande cha sponji kilichokatwa umbo, na ukitazama vizuri utaona mahali ambapo mkono wa mpigaji uliteleza au ua la mwisho lilikosa nafasi likambana jirani yake. Chini mara nyingi pana mhuri wa sfinksi, mnyama wa hadithi mwenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, na jina Maastricht. Bakuli kama hilo si kaure ya mfalme, lakini ni la kwetu kwa namna ambayo seti ya chai ya harusi ya Uingereza haiwezi kuwa: lilipita kwenye biashara ileile iliyobeba karafuu kwenda nje.

Mihuri husaidia kukadiria umri, ila isomwe kwa tahadhari. Umbo la almasi lenye herufi na tarakimu ni usajili wa Uingereza wa kati ya 1842 na 1883. Kuanzia 1884 wakaandika "Rd No" na namba. Hayo yote yanaeleza lini mchoro ulisajiliwa. Sahani yenyewe huenda ilichomwa miaka 20 baadaye. Jina la nchi peke yake, mathalani "England", kwa kawaida lina maana chombo ni cha baada ya 1891, mwaka ambao Marekani ilianza kudai bidhaa ionyeshe ilikotoka. "Nippon" ni ya kuanzia wakati huohuo hadi 1921, kisha ikaja "Japan". Mhuri wa Kichina wenye jina la mfalme Kangxi, aliyetawala 1662 hadi 1722, usiulipie bei ya Kangxi. Wafinyanzi wa baadaye waliuandika jina hilo kwa heshima, na wengine kwa tamaa.

Kuna vyombo visivyofaa kununuliwa kwa bei yoyote. Kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na lile la Mambrui karibu na Malindi, sahani na mabakuli ya kaure yalipachikwa kwenye chokaa, na katika msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani mabakuli yalipachikwa ndani ya kuba. Katika makaburi mengi ya pwani leo yamebaki mashimo ya duara tu, sahani zilibanduliwa. Ukiuziwa sahani yenye chokaa ngumu iliyoganda mgongoni, au bakuli lenye udongo wa ardhini kwenye mikwaruzo, uliza limetoka wapi na uwe tayari kuondoka. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, na kitu kilichochimbuliwa au kubanduliwa si mali ya muuzaji. Anayetaka kuona kaure hiyo bila hatia aende Fort Jesus, Mombasa.

Nyufa, na kwa nini zinaamua kila kitu

Weka sahani juu ya ncha za vidole vitano, ugonge ukingo kwa ukucha. Kaure nzima hulia kama kengele na mlio huchelewa kufa. Yenye ufa hujibu kama kibao. Udongo haulii sana hata ukiwa mzima, kwa hiyo kwao tumia tochi: ilaze tochi karibu na uso, mwanga upite ubavuni, na ufa utajitokeza kama unywele. Mahali palipojazwa na kupakwa rangi upya hujionyesha chini ya tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV), ileile inayokagulia noti bandia: gundi na rangi mpya hung'aa tofauti na glezi.

Ufa unaopita upande hadi upande ni tofauti na wavu wa nyufa nyembamba uliotanda usoni kama utando wa buibui. Wavu huo hutokea kwa sababu udongo na glezi havipanuki kwa kiasi kimoja. Udongo uliochomwa kidogo hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, huvimba kidogo, na glezi isiyoweza kuufuata hupasuka. Kwenye hewa ya pwani hilo halishangazi. Sahani haijavunjika na itadumu ukutani miaka mingi. Lakini mezani imekwisha kazi ya chakula chenye majimaji: mafuta na manjano hupenya, hubaki chini ya glezi, huoza, na sahani huanza kunuka ikipata joto. Wazee waliokuwa wakiandika kombe, yaani aya za Kurani za tiba juu ya sahani, kwa wino wa zafarani na kuliosha kwa maji ya waridi walichagua sahani nyeupe iliyo nzima. Yenye wavu ingeyameza maandishi.

Kisha kuna risasi, madini yenye sumu. Glezi nyingi za vyombo vya udongo vya karne ya 19 na ya 20 zilichanganywa na madini ya risasi, kwa sababu huyeyuka kwa joto dogo na kung'aa sana. Rangi nyingine zilizochorwa juu ya glezi, hata kwenye kaure, nazo zina risasi au kadimi, metali nyingine yenye sumu. Risasi hiyo hutoka zaidi inapokutana na ukali na joto na muda. Kwa pwani tafsiri yake ni ndimu, ukwaju, siki, achari, embe mbichi, nyanya. Kachumbari iliyolala kwenye bakuli la sponji usiku kucha ni kosa, hata kama bakuli ni zima. Vile vijiti vya kupima nyumbani vinavyobadilika rangi hukamata kiasi kikubwa tu. Kisipobadilika, haina maana chombo ni salama. Kwa watoto na wajawazito msimamo uwe mmoja: vyombo vya zamani vya udongo havilishi.

Zidaka bila nyumba ya mawe

Ukuta wa tofali za inchi 6 hauwezi kuchimbwa kidaka cha maana bila kudhoofika. Suluhisho ni kuuvimbisha: fremu ya mbao mbele ya ukuta, ikafunikwa kwa bodi ya jipsamu, na vidaka vikaachwa ndani ya unene huo. Pima kwa chombo. Sahani ya sentimita 25 ikiegemezwa kwenye kigoda chake kwa mwinamo mdogo hutaka kina cha kama sentimita 12 na kimo cha sentimita 30, ili vidole viingie juu yake bila kugonga. Bakuli hutaka kina cha kipenyo chake na sentimita 3 zaidi. Kosa la mafundi wengi wa leo ni kutengeneza vidaka vyote sawa kama masanduku ya posta. Zidaka za kale zilibadilika ukubwa safu hadi safu, na macho hupata pa kupumzikia.

Usijaze kila kidaka. Chombo kimoja kwa kidaka, na katika kila vitano kimoja kibaki kitupu au kiwe na kitu kisichong'aa: chetezo, kikapu kidogo cha ukili, mrashi wa fedha uliopoa rangi. Ndani pakwe rangi nyeupe isiyong'aa. Nyeupe ya mafuta hushindana na glezi. Kama ni lazima kuweka taa, iwe LED ya mwanga wa manjano, imefichwa mbele kwenye ukingo wa juu. Ikiwekwa nyuma ya sahani, huoni ua. Unaona kivuli cha duara tu.

Chini ya kila kitako weka kipande cha felti au kitambaa kizito, kwa sababu pete ya kaure isiyo na glezi hukwangua chokaa na chokaa hukwangua pete. Mitungi yenye shingo ndefu na kitako kidogo, ibandike kwa vipira vitatu vya nta laini ya makumbusho, kila kimoja ukubwa wa punje ya choroko. Mlango ukibamizwa na upepo wa kusi haitatembea.

Sahani za kutundika zina adha yake. Vishikio vya waya vyenye springi ni vya bei nafuu na huvunja vyombo: springi ikiwa fupi hubana ukingo siku zote hadi kipande kikaruka, na ndoano zake za chuma hukwaruza dhahabu. Kama ndicho unachopata, chagua kinachoingia bila kulazimisha, na vika kila ndoano kijibomba chembamba cha plastiki. Kibandiko cha duara kinachogandishwa kwa maji nyuma ya sahani ni bora, lakini sharti lake ni mgongo msafi usio na mafuta. Osha, futa kwa spiriti, lowesha gundi hadi inate, bandika, ulaze sahani kifudifudi saa 24, kisha vuta kwa nguvu ukiwa juu ya godoro kabla hujaiamini ukutani. Unyevu wa pwani hudhoofisha gundi hiyo, kwa hiyo kagua kila mwaka. Usikibandike juu ya wavu wa nyufa wala juu ya sehemu iliyopakwa rangi upya, kwa sababu kikitoka hutoka na kipande. Ukikuta matundu mawili yaliyotobolewa kwenye pete ya kitako, mtu alishakutangulia kuitundika. Pitisha uzi wa nailoni mara mbili, siyo waya.

Ukuta wa matumbawe na chokaa haushiki msumari. Toboa kwa drili bila mtindo wa kupiga nyundo, sentimita 6 kwenda ndani, ingiza kiplastiki cha kushikia skrubu, kisha skrubu. Chokaa ikimeguka, jaza tundu, subiri likauke, toboa upya. Kuhamisha sentimita 2 pembeni huishia kwenye shimo moja kubwa. Mpangilio ujaribiwe kwanza kwa magazeti: chora duara la kila sahani, kata, bandika kwa utepe wa karatasi, kaa nayo siku mbili. Kitovu cha kundi zima kiwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, na nafasi kati ya sahani sentimita 5 hadi 8. Anza na kubwa kuliko zote, kidogo nje ya katikati. Buluu na nyeupe hupatana zenyewe hata zikiwa za nchi tatu. Za sponji zenye rangi kali zinahitaji ukuta wake zenyewe.

Siku ya wageni

Mlo wetu huliwa sinia moja kwa watu wanne, na vizuri uendelee hivyo. Vyombo vya zamani havina haja ya kubeba wali. Kazi yao ni pembezoni: visheti, kashata, tende, korosho, mahamri, matunda yasiyomenywa. Vitu vikavu, saa moja au mbili, kisha vinaondoka. Hapo hata bakuli lenye wavu wa nyufa linaruhusiwa, ukilitandika jani la mgomba. Pitisha jani juu ya moto hadi ling'ae na kulegea, toa uti wa kati, futa pande zote, kata duara linalopungua sentimita 2 kuliko ukingo ili ua la pembeni lionekane. Kijani juu ya nyekundu ya Maastricht hakihitaji pambo jingine.

Kaure nzima isiyo na dhahabu wala rangi za juu ya glezi, yaani ile ambayo buluu yake huisikii kidole kinapopita, inaweza kubeba chakula cha kawaida. Epuka kisu: mikate ikatwe jikoni. Usiiweke moja kwa moja juu ya sinia la shaba au la alumini. Metali huacha mistari ya kijivu chini ya pete. Kitambaa au kawa la ukili katikati hutosha. Kwenye mkeka, vyombo hivi vipandishwe juu ya kitu chenye kimo, kwa sababu mgeni anayeinuka kwenda kunawa haangalii nyuma ya kisigino chake.

Kahawa ndiyo furaha kubwa, kwa sababu vikombe vyake vidogo visivyo na mkono vilitengenezwa kwa ajili hiyo hasa. Mimina theluthi moja tu, kama Waomani wafanyavyo: kikombe kikijaa, ukingo unaoshikwa na vidole huunguza, na mgeni hukiachia. Aliyetosheka hukitikisa kidogo na kukirudisha. Andaa vikombe vinne au vitano zaidi ya idadi ya wageni, viwe vimekaa katika maji ya uvuguvugu dakika chache na kufutwa. Kikombe baridi kikipokea kahawa ya moto hupanuka ndani kabla ya nje, na ufa uliokuwa umelala huamka. Buli la chai nalo hivyohivyo: maji ya uvuguvugu, mwaga, kisha ya moto. Likijaa, linyanyuliwe kwa mikono miwili, mmoja chini. Mkono wa buli la miaka 100 huenda uliwahi kugundishwa na hujui.

Chombo kilichoungwa kwa gundi ya epoksi hakiingii kwenye duru hii hata kidogo. Joto huilegeza gundi, na haikutengenezwa kugusana na chakula. Kilichoshonwa kwa vijimisumari vya chuma mgongoni, mtindo wa mafundi wa zamani, kiache kama kilivyo na kitundike mgongo ukionekana kwenye kioo kama una nafasi. Kuving'oa ni kukivunja mara ya pili.

Kwa maua, asumini zilizoelea katika bakuli la kaure lenye maji ya vidole viwili hunukisha chumba hadi usiku wa manane. Gudulia la udongo lenye nyufa litavuja polepole na kuacha duara jeupe kwenye meza. Weka gilasi ndani yake, maji yakae humo.

Wakishaondoka, usivirundike kwenye sinki. Beseni la plastiki, taulo chini, maji ya uvuguvugu, sabuni laini kidogo, chombo kimoja kimoja, na pete zote za vidoleni zimevuliwa. Mashine ya kuoshea vyombo hula dhahabu na rangi za juu. Maikrowevu hufanya dhahabu itoe cheche. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ndiyo adui mkubwa kuliko yote, kwa sababu huingia kwenye nyufa, huacha chumvi, na chumvi ikikauka hukua na kuibandua glezi kutoka ndani. Doa la manjano au la chai kwenye chombo kizima kisicho na dhahabu wala ukarabati huondoka kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa: kizamishe ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko, siku mbili au tatu, kisha kikae katika maji safi siku nyingine mbili yakibadilishwa asubuhi na jioni.

Kaure ikifutwa inaweza kurudi kidakani jioni hiyohiyo. Vya udongo viegemezwe kwenye kitambaa mahali penye hewa kwa saa 24, na vyenye wavu wa nyufa siku tatu. Vikirundikwa vibichi hupata ukungu mweusi unaokaa chini ya glezi. Rundo lisizidi sahani sita, kipande cha khanga kuukuu kati ya kila mbili, na vikombe visiingizwe kimoja ndani ya kingine.